Ninavyozama katika kuchora nakshi kwenye jiwe la Kisii

Kazi ya jiwe la Kisii, lile jiwe laini la kuchongwa, haimruhusu mtu azame, yaani akili yote imezwe na kazi, katika kila hatua. Ukichonga kwa panga na akili iko mbali, utapoteza ukingo wa bakuli au kidole. Kupiga msasa nako ni kazi ya mikono na maongezi. Hapa Tabaka, huku Kisii nchini Kenya, akina mama huifanya pamoja kwenye mabeseni ya maji huku wakipiga soga, na kazi inatoka safi. Ninapozama mimi, chai ikapoa pembeni nisijue, ni kwenye nakshi: bakuli limeshapakwa rangi, nami nalikwaruza kwa ncha kali weupe wa jiwe utokeze.

Mihaly Csikszentmihalyi, mwanasaikolojia aliyeanza kuichunguza hali hii kwa kuwatazama wachoraji miaka ya 1960, alieleza kuwa huja pale lengo linapokuwa wazi, kazi inapokujibu papo hapo, na ugumu wake unapolingana na ujuzi wako. Nakshi inakupa mawili ya kwanza bure, maana ncha ikipita tu mstari mweupe huo hapo. La tatu unalipanga mwenyewe.

Kinachonitoa mchezoni mara nyingi ni jiwe lililoandaliwa vibaya. Kabla ya lolote nalilowesha na kulitazama likikauka: ufa hubaki na mstari mweusi wakati kwingine kumeshakauka. Kisha msasa namba 120 kufuta alama za tupa, 240, halafu 400, wote ndani ya maji, kwa sababu vumbi la jiwe hili ni baya kwa mapafu na likiwa kavu huziba msasa. Hapa ndipo wengi wanapoharakisha. Mkwaruzo wa 120 ukibaki, ncha itaufuata kama tairi linavyofuata mfuo wa matope. Nalianika usiku kucha, na msimu wa mvua naongeza siku, kwani jiwe lenye unyevu hunywa rangi kwa mabaka. Rangi ni koti mbili nyembamba. Koti nene hubanduka kwa magamba kandokando ya mstari. Najaribu kuikwaruza chini ya kitako cha bakuli: ikitoka unga mkavu, twende, ikivutika, bado.

Ncha zangu ni spoku za baiskeli zilizonolewa, na huweka tatu mkononi hata kama nitatumia moja. Ncha ikiwa butu unaanza kukandamiza, kidole gumba kinachoka, mstari unayumba, na kabla hujajua umeinuka kutafuta jiwe la kunolea. Naibadilisha tu, zote nazinoa jioni.

Sasa kupima. Bakuli la kipenyo cha sentimita 15 lina mzingo wa karibu sentimita 47; nikigawa mara 12, kila sehemu ni kama sentimita 4. Nazungusha pete za juu na chini kwa bikari, naweka alama za mgawanyo kwa penseli nyeupe, basi. Sichori zaidi ya hapo. Ukichora kila kitu kwa penseli, kilichobaki ni kufuatisha tu, na akili itaenda sokoni. Usipopima kabisa, twiga wa mwisho atabanwa kwenye nafasi ya nusu shingo, na hofu ya mwisho huo unaanza kuihisi ungali katikati.

Oda ya mabakuli 24 ya twiga wale wale huchosha mapema. Twiga wa mteja siwagusi, ila ukingo nabadilisha: hili pembetatu, lile magamba ya samaki, kila mara madogo kidogo kuliko ya jana. Picha ya sura ya mtu ni kinyume chake, mkono hukakamaa. Hiyo naifanyia mazoezi kwenye kipande cha jiwe hilo hilo chenye rangi hiyo hiyo, macho na mdomo tu, mpaka mistari iache kusitasita.

Nakaa mlangoni asubuhi, mwanga ukitoka kushoto, maana natumia mkono wa kulia. Jua la utosi huwaka juu ya weupe na kuumiza macho. Bakuli lipo mapajani juu ya gunia lililokunjwa, nami nazungusha bakuli, si kiwiko. Naanzia kwenye mkanda wa chini, mistari mirefu ambayo hakuna atakayeikagua. Unga naupangusa kwa brashi laini. Kupuliza kwa mdomo huacha madoa ya mate na kurusha vumbi machoni, kwa hiyo barakoa haitoki. Simu iko chumba kingine. Broka akija na bei yake, naweka ncha chini, maana ukijadiliana huku unachora utapata hasara pande zote mbili.

Mstari ukipotoka siupaki rangi, kiraka huonekana. Nachora wa pili sambamba nao na kuugeuza mkanda.

Kuzama nako kuna hatari yake: shingo hukazana bila wewe kuhisi, na mkono unanogewa ukaijaza hata nafasi tupu iliyokuwa inampa twiga umbo. Kwa hiyo kila nikimaliza sehemu tatu kati ya 12 nasimama, naosha mikono, natazama bakuli nikiwa hatua mbili nyuma. Jioni naacha katikati ya sehemu ambayo muendelezo wake naujua, ili kesho mkono uanze bila kuuliza. Nta ya sakafu isiyo na rangi huja mwisho kabisa, baada ya kupangusa unga wote, la sivyo unga huchanganyika na nta na mistari yote inageuka kijivu.