Bangili ya bibi na nyota kongwe

Malindi, Jumamosi usiku

Leo asubuhi niliipeleka bangili ya marehemu bibi kwa sonara, maana kifungo chake kilikatika tangu Ramadhani nami nikawa naahirisha tu. Mzee aliisugua mara moja juu ya jiwe jeusi, ukabaki mstari mwembamba wa manjano, kisha akaudondoshea tone la asidi na kuutazama kimya. Mstari haukufutika. Akachora mwingine kando yake kwa sindano yake ya karati 22, akalinganisha, ndipo aliposema: "Mwanangu, hii imeyeyushwa kutoka pauni za zamani, zile sarafu za dhahabu. Tazama wekundu wake. Ni shaba hiyo, fedha hamna." Bibi hakupata kuniambia hayo, na mzee huyu hakumjua bibi.

Nimerudi nyumbani nikiwaza kwamba wanafalaki hufanya kazi hiyo hiyo. Nuru ya nyota ikichanuliwa kuwa rangi, huonekana ndani yake mistari myeusi, na kila elementi, yaani kitu cha msingi kama chuma au dhahabu, ina mistari yake isiyofanana na ya nyingine, jambo ambalo Kirchhoff na Bunsen walilithibitisha huko Ujerumani karibu na mwaka 1860. Basi nyota haiwezi kuficha ilichochanganywa nacho.

Ulimwengu ulianza na hidrojeni, heli na chembe ya lithi. Karibu vingine vyote vilipikwa baadaye. Nyota kubwa hupika tumboni mwake mpaka kufikia chuma, na hapo jiko huzimika, kwa sababu kuunganisha viini vya atomu za chuma hakutoi nishati bali huila. Ili kuvuka chuma, sharti kiini kilishwe nyutroni, chembe zisizo na chaji zinazopatikana ndani ya viini. Kikilishwa polepole, ndani ya nyota zilizozeeka na kuvimba, hutokea elementi za bari na risasi kwa wingi. Kikilishwa kwa pupa, katika muda wa sekunde chache tu, hutokea europi, platini, dhahabu na urani. Kwa hiyo anayepima europi dhidi ya bari katika nyota hujua ni jiko gani lililotumika.

Jua letu halifai sana kwa upimaji huo, kwa kuwa gesi yake ilikwisha kupitia mikono ya wapishi wengi. Nyota kongwe, zenye chuma kidogo mno, zilizaliwa wakati wapishi walikuwa mmoja au wawili, na ngozi yake ya nje imehifadhi mchanganyiko ule karibu kama ulivyokuwa. Mwaka 2001 wanafalaki waliotumia darubini kubwa iliyoko Chile waliusoma mstari hafifu wa urani katika nyota iitwayo CS 31082-001. Urani-238 hupungua nusu kila miaka bilioni 4.5, na thori-232 kila miaka bilioni 14. Kwa kulinganisha mabaki ya hizo mbili, walikadiria kwamba nyota hiyo ina miaka bilioni 12.5 hivi. Mwaka 2016 ikaja habari ya Retikulum II, galaksi ndogo iliyo upande wetu wa kusini: kati ya nyota 9 zilizopimwa, 7 zilijaa elementi zile zinazopikwa kwa pupa, ilhali galaksi ndogo nyingine za aina yake hazina karibu chochote. Kama kila supanova, yaani mlipuko wa nyota kubwa inapokufa, ingekuwa inazitengeneza, zingekuwa zimetapakaa kote. Ni tukio moja la nadra lililoirutubisha galaksi nzima.

Tarehe 17 Agosti 2017 tukio la namna hiyo lilishuhudiwa: vifaa vya LIGO na Virgo, vinavyopima mawimbi ya mvutano, vilinasa mtikisiko wa nyota mbili za nyutroni, yaani mabaki mazito mno ya nyota kubwa zilizokufa, zilizogongana umbali wa miaka ya nuru milioni 130, na katika mwanga wa mgongano huo baadaye ukasomwa mstari wa stronti, elementi nyingine nzito kuliko chuma. Wapo wanaouliza iwapo migongano hiyo, ambayo kwa kawaida huchukua muda mrefu kutokea, ingewahi kuzilisha nyota za kale kiasi hicho. Nami naegemea kwa wanaosema majiko yalikuwa zaidi ya moja.

Watoto wetu hapa huwajua Waitaliano kwa piza na hoteli. Wachache wameambiwa kwamba tarehe 12 Disemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini hapo Ngomeni, Waitaliano walirusha setilaiti ya Marekani ya kupima eksirei, ikapewa jina Uhuru kwa heshima ya sikukuu yetu. Setilaiti hiyo ndiyo iliyogundua mapigo ya Centaurus X-3, chanzo cha eksirei angani, ambayo leo yajulikana kuwa ni ya nyota ya nyutroni. Yaani ukoo ule ule wa dhahabu ulichunguzwa kutoka kwenye maji tunayovua changu na tafi.

Kabla sijaondoka, mzee alifungua daftari lake na kuandika: "Bangili 1, gramu 14, ya pauni." Nilitamani kumwomba aongeze mstari mmoja wa kabla ya pauni, lakini wateja walikuwa wamejaa mlangoni. Nitaifuata Alhamisi.