Barbare Jorjadze, mshairi aliyefunikwa na sufuria

Mwezi uliopita nilikuwa natafuta tu jinsi ya kupika satsivi, ile kuku ya Georgia ya mchuzi wa walnati zilizosagwa na kitunguu saumu, inayoliwa ikiwa imepoa (nilitumia korosho, msinicheke, walnati bei haishikiki). Georgia ya Kaukasi lakini, siyo lile jimbo la Marekani. Sasa kila nikifungua nakutana na jina moja, Barbare Jorjadze, aliyetoa kitabu cha mapishi mwaka 1874. Nikasema sawa, bibi wa mapishi, nikapita. Kumbe huyu mama alishakuwa mshairi miaka 16 kabla ya hicho kitabu!

Kazaliwa 1833 Kakheti, huko kwenye mizabibu, ukoo wa Eristavi, watu wa kikabaila, na kaka yake Rapiel naye mshairi mkubwa tu. Akaozwa na miaka 12. Kumi na mbili jamani, leo angekuwa darasa la sita anagombania rula na deski mate. Na bado mwaka 1858 mashairi yake yakaanza kutoka kwenye jarida la Tsiskari, enzi hizo nchi iko chini ya mfalme wa Urusi.

Halafu 1861 ndo ilinichekesha. Kijana mmoja, Ilia Chavchavadze, miaka 23, mwanafunzi St Petersburg, akaandika kwenye hilo hilo Tsiskari kwamba wakubwa wanaandika lugha ambayo watu hawaisemi, na kuna herufi hazina kazi, zitupwe. Wazee wakawaka. Barbare naye hakukaa pembeni, akamjibu humo humo gazetini akitetea herufi za zamani, Ilia akarudi akawajibu wote kwa kejeli, yaani ni ugomvi wa mtandaoni kabisa ila unasubiri toleo lijalo. Kiukweli kwenye herufi Ilia alishinda, leo Kijojia, lugha ya huko Georgia, kina herufi 33 na zile za zamani hazimo, na mimi naona alikuwa sahihi. Ila kubishana na mtu ambaye kanisa lilikuja kumtangaza mtakatifu mwaka 1987, hapo lazima uwe na roho ngumu.

Akaandika na mchezo wa kuigiza, 1866. Kisha hicho kitabu cha mapishi, ndo kikameza kila kitu.

Lakini mimi nimekwama kwenye barua yake ya 1893, gazeti la Kvali, ana miaka 60, kawaandikia vijana wa kiume. Anasema mtoto wa kike tangu mdogo anaambiwa, wewe Mungu kakuumba mwanamke basi nyamaza, usimtazame mtu, usiende popote, ziba masikio, fumba macho, kaa hapo, kusoma hakukuhusu. Halafu wanaume hao hao ndo wanageuka kuwalaumu wanawake! Nilisoma mara tatu, chai ikapoa.

Alifariki 1895, miaka miwili tu baadaye. Leo Tbilisi, mji mkuu wa Georgia, kuna ukumbi wa kusomea wenye jina lake kwenye maktaba ya taifa ya bunge, na kuna mgahawa unaitwa Barbarestan unaopika kutoka kitabu chake. Mapishi yake niliyapata kwa dakika mbili, mashairi ndo natafuta mpaka leo. Mwenye kusoma Kijojia anitafute, satsivi ya korosho ipo kwenye friji.