Damu niliyofunzwa kuificha

Somo yangu, mwanamke aliyepewa kunifunda nilipovunja ungo, alinifunza kufua sodo usiku, nyuma ya nyumba, kwa maji baridi na sabuni ya mche. Ikishatakata nianike chini ya kanga, isionwe hata na ndege. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, Wete, Pemba, nyumba imejaa watu. "Mwanangu, hii ni aibu ya mwanamke, na aibu hufunikwa." Nilimtii. Kwa mengi namtii mpaka leo, Mungu amrehemu.

Niliolewa 2012. Mimba ya kwanza ilitoka na wiki nane, ya pili wiki saba. Ya tatu sikuihesabia wiki, nilichelewa siku kumi tu. Baada ya hapo, kila mwezi ilikuwa ni ile damu inayoniletea habari. Nikiamka kabla ya alfajiri, naingia chooni na tochi ya simu. Mume wangu hakuwahi kuuliza. Alikuwa akisikiliza ndoo. Nikiivuta mara moja, nimetia udhu. Nikiivuta mara mbili, nafua, basi ameshajua, na chai ya asubuhi anaitia yeye.

Watu walisema lao. Chango. Kizazi kimefungwa. Mama mkwe hakunambia neno baya hata siku moja, ila mizizi ya kuchemsha ilikuwa ikinifikia kila Ijumaa, na mie nikiinywa kwa heshima yake.

Tukavuka kwenda Unguja, spitali moja mjini. Nikapigwa picha ya tumbo, nikaambiwa utando wa ndani wa mji wa mimba ni milimita sita, mwembamba. Wakanikata na kinyama, kipande kidogo cha utando huo cha kupimwa. Kifaa chenyewe ni mrija mwembamba kama wa kunywea juisi ya boksi, maumivu yake nusu dakika, lakini yanapanda mpaka kwenye meno. Jibu lilipotoka nikauliza: kwa nini mwembamba? Nikajibiwa, "Ndivyo ulivyo," na jina la mwengine likaitwa. Nilikaa bandarini Malindi kusubiri meli, nikalia mpaka mama mmoja anayeuza maji akanipa chupa, akakataa pesa.

Mie ni mwalimu wa sayansi. "Ndivyo ulivyo" silikubali hata kwa mwanafunzi wa darasa la tano. Nikaanza kusoma, usiku usiku, kwenye simu hii hii.

Utando ule una matabaka mawili. La chini hubaki. La juu huota, hunenepa kwa homoni, na mimba ikikosekana hubanduka likatoka. Mwanamke hupitia hayo mara mia nne na zaidi maishani mwake, na kila mara mahali palipobanduka hupona bila ya kovu. Chanjo niliyodungwa mkononi utotoni imeniachia alama mpaka leo, huko ndani hakubaki kitu. Na wataalamu walihangaika muda mrefu kuujua utando huu, maana panya wa kawaida wa maabara hapati hedhi. Wanyama wanaopata ni wachache, wakiwemo baadhi ya kima na nyani na aina chache za popo. Na kuchungulia ndani ya mwanamke siku kiinitete, yaani mimba changa kabisa, kinapojishikiza, siku sita mpaka kumi baada ya yai kushuka, nani atakubali?

Mwaka 2017 watafiti wa Cambridge, Uingereza, na wengine wa Leuven, Ubelgiji, kila kundi kwa upande wake, walichukua kinyama kama kile nilichokatwa mie. Wakakichambua mpaka wakabaki na tezi zake, wakazitia ndani ya tone la jeli, ambayo ikiwa baridi ni maji na ikipata joto la mwili hushika. Vikaota vifuko vidogo vya duara, uwazi katikati. Ndizo oganoidi. Ukivitia homoni za mwanamke, estrojeni kisha projesteroni, hubadilika kama utando unavyobadilika ndani ya mtu. Vikitiwa na homoni za mimba huanza kutoa vitu vya kulishia kiinitete. Wataalamu huuita ulishaji huo maziwa ya mji wa mimba, maana wiki za mwanzo damu ya mama bado haijaanza kupita vizuri kwenye kondo la nyuma la mtoto, anaishi kwa jasho la tezi hizo. Niliposoma hapo niliiweka simu chini. Nina mimba tatu ambazo pengine zilifika, zikakosa maziwa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, nao, 2021, wakaongeza seli za aina ya pili, zile zinazoushikilia utando, kwa sababu tezi peke yake ni mawe bila ya chokaa. Wakaona baadhi ya seli hizo hushika kazi ya kulea mimba na nyengine huzeeka mapema, na zote zinahitajika. Zikiondolewa zinazozeeka, kiinitete hunaswa pale pale, hakipati njia ya kujipanua. Mwisho wa mwaka huo huo, watafiti wa Vienna, Austria, walitengeneza mfano wa kiinitete kwa seli shina, zile zinazoweza kugeuka seli za aina nyengine, bila ya yai wala mbegu ya mwanamume. Walipouweka juu ya seli za utando zisizotiwa homoni, haukushika. Kwenye zilizotiwa, ukashika. Kwa hiyo utando si kitanda kinachosubiri mlalaji. Kuna kuitana na kuitikiana, na mazungumzo hayo sasa yanaweza kusikilizwa kwenye sahani ya maabara. "Ndivyo ulivyo" imeanza kupata maelezo.

Lakini habari iliyonifanya niandike ni nyengine. Mwaka 2021 pia, watu wa Cambridge walionesha kwamba si lazima kumkata mwanamke. Walichukua damu ya hedhi. Ndani yake mna vipande vya utando vyenye seli zilizo hai, wakaviotesha, na oganoidi zilizopatikana zikalingana na zile za kinyama. Damu ya sodo! Ile niliyoisuuza gizani miaka yote, nikaimwaga mbali na njia, kumbe ilikuwa na uhai wa kuota.

Sheria ya hedhi naijua na naishika, sala na funga na kuoga kwake. Lakini najisi ni jambo moja na aibu ni jambo jengine, na sisi tumeviweka ndani ya ndoo moja. Angekuja mtafiti Pemba akaiomba damu hiyo, ningempa, na ningewasemea wanawake wenzangu wampe. Matumbo yaliyochunguzwa mpaka sasa mengi ni ya huko waliko wao. Haya yote bado si dawa, naelewa. Nina miaka thelathini na minane, na mizizi ya Ijumaa nimeshamwomba mama mkwe tuiache. Alikubali. Alinishika mkono muda mrefu.

Mwezi uliopita wifi yangu aliniletea binti yake. Amevunja ungo, na mama yake anataka niwe somo wake. Nilishtuka, maana kwetu somo hutafutwa aliyezaa. Nikamkalisha ukumbini, nikamchorea matabaka mawili nyuma ya daftari la kusahihishia. Alitazama weee, kisha akauliza:

"Kwa hiyo shangazi, hii yote ikitoka, mwezi ujao inaota nyengine?"

"Nyengine kabisa, mpya."

"Na kidonda?"

"Kinapona."

Akafua mwenyewe, mchana. Nikamwonesha kamba ya uani, upande unaopigwa jua mpaka alasiri.