Siku bibi alipopigishwa dole gumba

Ijumaa iliyopita, tulipomaliza kula, binti yangu aliniletea karatasi aliyoikuta ndani ya kitabu cha zamani kabatini. Ana miaka kumi na tatu. Aliishika kwa ncha za vidole, maana ilikuwa imeanza kukatika kwenye mikunjo, akaniuliza: "Mama, hii lugha gani?"

Ilikuwa barua ya baba yangu. Aliiandika Wete, Pemba, mwaka 1994 kwa peni ya buluu, kwenye karatasi ya mistari iliyochomolewa katikati ya daftari, wakati mimi nasoma skuli hapa Unguja na nakaa kwa ami yangu Kikwajuni. Kiswahili kitupu, tena Kiswahili chepesi. Ila baba akiandika herufi za kuunga. Kila moja imeishika mwenzake, mkia wa y umezunguka ukapita chini ya neno zima, na t hazikati mpaka neno limalizike, kwa hiyo vile vistari vyake mara nyingi vinaangukia juu ya herufi isiyohusika. Mtoto aliyekulia kwenye herufi za simu, zilizosimama mbalimbali kila moja peke yake, aliona kama kaa wamepita juu ya mchanga.

Nikakaa naye barazani nikamsomea. "Kwa mwanangu mpenzi, natumai hujambo na masomo yanaendelea vyema. Ukipenda kujua hali zetu, sisi huku sote ni wazima, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali nasi." Halafu habari za shamba, halafu kuna kopo la samli amepewa huyo huyo aliyeleta barua, nilipokee na nisisahau kulirudisha kopo. Barua ilikuja kwa mkono wa msafiri wa meli ya Mapinduzi, kama zilivyokuja nyingi.

"Hofu na mashaka ya nini?" akauliza. "Babu alikuwa anaogopa nini?"

Nikamwambia barua zote zilikuwa zinaanza hivyo, za kila mtu. Lakini swali lake sikuliacha pale. Barua ikichukua wiki nzima njiani, pengine zaidi, na huku nyuma lolote limeweza kutokea. Anayeandika "sisi wazima" anajua kwamba utakaposoma huenda hawako hivyo tena. Wazee waliliweka neno lile mwanzo wa barua kwa sababu lilikuwa la kweli, na sisi tulilikariri bila kulitazama. Ilibidi aje mtoto asiyewahi kupokea barua ndiyo aliulize.

Usiku sikulala vizuri. Binti yangu anasoma. Darasani hapitwi na wengi, kwenye simu anasoma kwa kasi kuliko mimi, na msahafu amekwishahitimu. Barua ya babu yake mzaa mama, iliyoandikwa kwa lugha yake mwenyewe miaka thelathini tu nyuma, imemshinda. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba jambo hili halikuwa geni. Lilikwishatokea nyumbani kwetu mara moja, na aliyeshindwa kusoma safari ile nilikuwa mimi.

Bibi yangu, mama wa baba, alikuwa na daftari. Alilitia kwenye mkoba wa ukindu pamoja na tasbihi, ufunguo wa kasha na ubani. Msimu wa karafuu ukifika hulitoa kila magharibi, wachumaji wakija kupima. Sisi watoto tumekaa juu ya jamvi tunachambua, karafuu huku, makonyo kule, vidole vinanuka mpaka asubuhi, na yeye amekaa kwenye kiti cha mbuzi kilichokwishang'oka mbuzi wake, daftari juu ya goti. Pishi inajazwa, inafutwa kwa kiganja, inamiminwa, naye anaandika. Anaandika kutoka kulia kwenda kushoto, kwa herufi za chuoni, yaani za Kiarabu zinazofundishwa kwenye chuo cha Kurani, polepole, midomo ikitamka. Mtu akija baada ya wiki mbili akidai pishi alizochuma, bibi anafungua, anapitisha kidole, anamwambia: siku ya kwanza sita, ya pili nne na kibaba kimoja. Sikumbuki mtu aliyewahi kubishana na daftari lile.

Nilikuwa na miaka minane au tisa aliponichukua kwenda naye ofisi moja mjini kufuata malipo. Ofisi siitaji, na karani yule sidhani kama alikusudia ubaya. Alimuuliza, "Bibi, unajua kusoma na kuandika?" Akajibu, "Najua." Akapewa kalamu. Bibi akaiweka ncha ukingo wa kulia wa mstari, akaanza jina lake. Alikuwa hajafika hata jina la baba yake, karani akaivuta karatasi. "Aa, bibi, hivi sivyo. Tutie dole gumba tu." Akamshika kidole yeye mwenyewe, akakipaka wino, akakigandamiza juu ya lile jina lililoandikwa nusu.

Njia nzima ya kurudi bibi alikuwa anakisugua kidole kwa pindo la kanga. Tulipofika karibu na nyumbani akasimama. "Niliandika. Umeniona?"

"Nimekuona, bibi."

Hakulisema tena jambo hilo mpaka anakufa.

Nilipokua ndipo nilipojua kilichofanywa siku ile. Miongoni mwa barua kongwe kabisa za Kiswahili zinazojulikana kuwapo hadi leo ni zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711, nazo zimehifadhiwa Goa, India, kwa herufi hizi hizi za chuoni. Herufi za Kirumi zilikuja kwetu baadaye sana. Wamisheni wa Kiingereza walifika Unguja mwaka 1864, na Edward Steere akatoa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870. Kisha herufi hizo za Kirumi zikaingia skuli na serikalini, na watu kama bibi yangu, walioweza kuandika hesabu za msimu mzima bila kukosea pishi moja, wakageuka kuwa watu wasiojua kusoma. Hawakusahau kitu. Walioondoka ni wasomaji wao.

Na kwa mwanamke kule kuandika kwenyewe kulikuwa kumepatikana kwa taabu. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886 kwamba wasichana walifundishwa kusoma tu, kuandika hapana. Yeye alijifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859, kaka yake Barghash alipotaka kumpindua kaka yao Majid aliyekuwa Sultani, ni Salme, kijana wa miaka 15, aliyekuwa mwandishi wa barua za siri. Binti wa mfalme alijificha ili ajifunze. Bibi yangu, binti wa mkulima wa Pemba, alijifunza kwa kumchungulia kaka yake akiandika ubao wa chuo, kisha akifuatisha kwa kidole juu ya majivu jikoni. Sijui kama aliwahi hata kulisikia jina la Salme. Mimi nikiwataja, huwataja pamoja.

Sasa zamu ni ya mwandiko wa baba yangu, na wangu. Hakuna karani aliyeuvuta. Nimeuacha mwenyewe kidogo kidogo. Kazini napiga chapa kutwa. Orodha ya sokoni nampelekea mume wangu kwa WhatsApp, pole za msiba nazituma kwa sauti, na mialiko ya harusi inakuja kwenye simu ikiwa picha ya maua. Mwezi uliopita nilitakiwa kujaza fomu ya kurasa nne kwa mkono, na ukurasa wa tatu mkono ulikuwa unaniuma mpaka kwenye kiwiko, na jina langu nililoliandika mwisho limetoka tofauti na nililoliandika mwanzo.

Nchi nyingine zimekwisha kuliamua jambo hili kwa sheria na mitaala. Finland, tangu mwaka 2016, skuli hazilazimiki tena kufundisha herufi za kuunga. California walizirudisha kwa sheria iliyoanza Januari 2024. Mwezi huo huo, watafiti wa chuo kikuu cha Trondheim, Norwei, walichapisha matokeo ya kuwavisha wanafunzi 36 kofia za vihisio kichwani, wakaona sehemu za ubongo zinawasiliana kwa upana zaidi mtu anapoandika kwa mkono kuliko anapobonyeza herufi. Nafurahi kwamba wamelipima. Maalim wetu wa chuoni alituandikisha aya ubaoni kabla ya kutukaririsha, na alipoulizwa kwa nini, alikuwa akisema mkono una hifadhi yake.

Ni kwa maalim mwengine nilikokwenda Jumapili, mimi na binti yangu, na daftari la bibi ndani ya mfuko. Baba alinikabidhi kabla hajafa. Nimelitunza miaka yote hii bila kulisoma, maana msahafu nausoma lakini Kiswahili cha bibi kikinikimbia kila nilipojaribu.

Tulimkuta anaandika kombe, yale maandishi ya dawa yanayoandikwa juu ya sahani na kuoshwa kwa maji, la mtoto anayeshtuka usiku. Tukakaa tukasubiri. Sahani nyeupe pana, zafarani imerowekwa kwa marashi ya mawaridi ndani ya kikombe cha kahawa, kijiti cha mwanzi kimechongwa ncha. Alianzia ukingoni. Mkono wake mzee unatetemeka anapolifikia kombe, lakini ncha ikigusa sahani mtetemo unakoma. Mstari wa rangi ya manjano iliyokolea ukawa unazunguka unaingia ndani, herufi zinang'aa zikiwa mbichi kisha zinafifia zikikauka. Alipomaliza aliinua sahani akaisoma yote tena kwa sauti ndogo. Kisha akamimina maji, akaitikisa taratibu, maandishi yakalegea, yakaachana, maji yakageuka manjano, akayatia kwenye chupa. Kazi ya nusu saa, na sahani nyeupe kama mwanzo. Wapo masheikh wasiolikubali kombe, na mimi si mtu wa kuamua hayo. Ninachosema ni kwamba binti yangu hakugusa simu muda wote ule.

"Shikamoo, maalim," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Leteni hilo daftari."

Alilifungua, akalinusa kwanza. Kisha akampa binti yangu. "Soma wewe. Msahafu umehitimu?"

"Ndiyo, maalim."

"Basi herufi unazijua."

Akaanza. Neno la kwanza likaja be, ye, shini, kasra. "Bi-shi," akasema. Akanitazama. "Bishi?"

"Bibi yenu hakuwa na p," maalim akamwambia. "Kiarabu hakina p. Be ndiyo hiyo hiyo, utaisoma b, utaisoma p, na pengine mb. Wewe ndiye wa kuchagua. Sasa mchumaji wa karafuu unampimia nini?"

Mtoto hakujua. Pishi hajawahi kuiona. Nikamwambia, nikamuonyesha kwa mikono ukubwa wake, vibaba vinne, na bibi akiifuta kwa kiganja. Akarudi kwenye ukurasa. "Pishi. Pishi sita." Tarakimu zilimpa raha, alizitambua mara moja. "Mtoto wa fundi, pishi sita. Mke wa... mke wa mvuvi, pishi nne." Akawa anakwenda. Nilikuwa nayasikia majina ya watu wa mtaa wetu, kwa kazi zao na kwa mama zao kama alivyokuwa akiwaita bibi, yakitoka kwenye kinywa cha mtoto aliyezaliwa miaka mingi baada ya bibi kuzikwa.

Nilikuwa nikijiambia kwamba siku zote nililihifadhi daftari. Pale nilijua kuwa nilikuwa nimelifungia. Kuna barua za baba kumi na moja, na nimekwishapanga na binti yangu kwamba kila Alkhamisi jioni tunasoma moja, yeye anasoma na mimi nasikiliza, na akikwama simpi neno mpaka ajaribu mara tatu. Halafu anamjibu. Ndiyo, anamjibu babu yake, kwa peni, karatasi nzima. Ya kwanza ameiandika juzi. Hajaunga herufi bado. Ameanza na hofu na mashaka.

Tulipokaribia kuondoka tukafika ukurasa usiokuwa na majina wala pishi. Juu yake tarehe, mfungo sita, siku ya kumi na saba, mwaka hakuandika. Chini mstari mmoja tu. Binti yangu aliusoma, "Leo fua tangu alfajiri."

"Alikuwa anafua nguo," akasema.

"Tangu alfajiri?" maalim akauliza. "Na mtu anayefua ana haja gani ya kuandika?"

Akainama tena. Fe, wau. Nikamuona anaibadilisha mdomoni bila sauti, f, v. Fua. Vua. Mimi nilikwishajua, nilikuwa naisikia juu ya mabati ya Wete, naona majamvi yanakunjwa mbio na wanawake wanaitana, lakini nikanyamaza, maana zilikuwa hazijatimia mara tatu.

"Mvua," akasema. "Leo mvua tangu alfajiri." Akapitisha kidole kwenye kilichobaki. "Karafuu zimo ndani, hazijakauka."