Kabla ya Kuiongezea RAM Kompyuta ya Zamani

Kompyuta yangu ya mpakato ilitengenezwa mwaka 2013, ina RAM (kumbukumbu ya muda inayoshikilia programu na data zinazotumika) ya GB 4, na imekuwa nzito kufanya kazi kiasi kwamba nimelazimika kuamua kama niigharamie au niiache ilivyo hadi itakapochoka yenyewe. Karibu kila ninayemuuliza hunijibu papo hapo kwamba niongeze RAM, kana kwamba hiyo ndiyo dawa ya kila ugonjwa wa kompyuta. Mimi naamini hakuna anayeweza kutoa jibu hilo kabla ya kuitazama mashine yenyewe ikiwa kazini, kwa sababu kompyuta ambayo nafasi yake inatosha haipati kasi ya maana kwa kuongezewa nafasi nyingine. Kinachoondolewa na RAM ya ziada ni adhabu inayoipata kompyuta pale nafasi inapokwisha.

Adhabu hiyo ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. RAM inapojaa, mfumo endeshi huchukua data ambazo hazijaguswa kwa muda, huzihamishia kwenye diski, kisha huzirudisha pale programu inapozihitaji tena. Diski inayozunguka mara 5,400 kwa dakika hutumia takribani milisekunde 11 kukamilisha mzunguko mmoja, na kabla ya hapo kichwa cha kusomea hulazimika kusogea hadi mahali data zilipo, ilhali RAM hutoa kinachotakiwa kwa muda wa nanosekunde 100 hivi au pungufu. Tofauti hiyo ni ya karibu mara laki moja. Ndiyo maana kompyuta iliyojaa haipungui kasi kidogo kidogo, bali huganda ghafla, taa ya diski ikiwaka mfululizo, na kubofya tena na tena hakusaidii chochote.

Kwa hiyo nilianza kwa kutazama. Kwenye Windows, ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, hufunguka dirisha la Task Manager, na humo utaona matumizi ya RAM na ya diski yakiwa yamewekwa karibu karibu. Haifai kulitazama mara tu baada ya kuwasha mashine, kwa sababu wakati huo halisemi lolote kuhusu siku ya kawaida. Mimi nililitazama nikiwa katikati ya kazi zangu halisi, nikiwa nimefungua kivinjari chenye kurasa nyingi, waraka ninaouandika na jedwali la hesabu. RAM ilikuwa imepita asilimia 90, na diski ilikuwa imefika asilimia 100 ingawa sikuwa ninanakili faili lolote. Nilipokifunga kivinjari, diski ilihangaika kwa muda mfupi kisha ikatulia, na waraka ukaanza tena kufuata vidole vyangu. Huo kwangu ni ushahidi wa kutosha.

Ni lazima niseme kwamba asilimia kubwa peke yake haithibitishi kitu. Mfumo endeshi mzuri hutumia RAM isiyo na kazi kuweka nakala za mafaili yanayosomwa mara kwa mara, kisha huiachia nafasi hiyo programu inapoitaka. Wanaotumia Linux, mfumo endeshi mwingine tofauti na Windows, wakiandika amri ya free -h wataona namba kadhaa, na inayofaa kuaminiwa ni ile ya safu ya mwisho, inayokadiria nafasi ambayo programu mpya zinaweza kuipata bila kuigusa diski.

Baada ya ushahidi huja swali la kama mashine inaweza kupokea nyongeza. Mfumo endeshi wa kawaida wa Windows wa biti 32 hauvuki GB 4, na sehemu ya hizo huchukuliwa na vifaa vingine, hivyo aliye nao ataongeza RAM bila kunufaika mpaka ahamie mfumo wa biti 64, ikiwa prosesa yake inauruhusu. Baadhi ya kompyuta nyembamba zina RAM iliyochomelewa kwenye ubao mama, na hapo mjadala unaishia. Yangu ina nafasi mbili za kupachika vipande vya RAM, moja ikiwa tupu, na inatumia aina ya RAM iitwayo DDR3L, yaani DDR3 ya volti 1.35. Jambo hili linahitaji umakini, kwani DDR3 ya kawaida hutumia volti 1.5, na zipo kompyuta za mpakato za miaka hiyo zisizoikubali kabisa. Kipande chenye kasi ndogo huvivuta vyote viwili vishuke kwenye kasi yake, na vipande viwili vya ukubwa sawa huiwezesha prosesa kusoma kupitia njia mbili kwa wakati mmoja, jambo linalosaidia zaidi pale ambapo sehemu ya picha haina kumbukumbu yake na hukopa kwenye RAM.

Swali lililonichukua muda mrefu zaidi ni la thamani ya fedha zenyewe. Fedha hizo ningeweza kununulia SSD badala ya RAM, yaani diski isiyozunguka na yenye kasi zaidi; ile ya inchi 2.5 ninaweza kuichomoa na kuihamishia kwenye mashine nyingine, lakini kipande cha DDR3 hakiingii kwenye nafasi ya aina mpya zaidi za DDR4 wala DDR5, kwa hiyo kitazeeka pamoja na kompyuta hii. Isitoshe, Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa za umri huu hazimo katika orodha rasmi ya zinazokubaliwa na Windows 11. Anayeongeza RAM leo kwenye mashine ya aina hii anapaswa kujua itaendeshwa na mfumo gani kesho. Mimi ninahamia Linux, na bila uamuzi huo nisingenunua kitu.

Kama kompyuta yangu ingekuwa inachelewa kuwaka tu, au kama ingekuwa tayari na GB 8, ningenunua SSD bila kusita. Lakini uzito wa kompyuta yangu hutokea ninapohama kutoka programu moja kwenda nyingine, na SSD ingefupisha safari za kwenda kwenye diski bila kuondoa sababu yake. Nimeamua kuongeza kipande cha GB 4 ili zifike 8. Sitaenda 16, kwa kuwa sihariri video wala siendeshi kompyuta pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya nyingine.

Kabla ya kukipachika nitachomoa chaja na betri, niguse chuma ili kuondoa umeme tuli mwilini, kisha nitaiacha MemTest86, programu ya kupima RAM, ikikague usiku kucha. Kosa hata moja litatosha kukirudisha kipande hicho kwa muuzaji.