Magadi au musherekha? Vioo vya Kenkrea

Kukhu, yaani bibi yangu, aliniuliza kwenye simu swali ambalo wataalamu wa vioo huanza nalo: "Walipika kwa magadi au kwa musherekha?" Musherekha ni maji ya majivu tunayolainishia mboga kwetu.

Nilikuwa nimemsimulia safari yangu ya Jumapili, kuona vioo vya kale vya Kenkrea, bandari ya zamani karibu na Korintho. Jina la Kenkrea analijua vizuri, maana Warumi 16 inamtaja Fibi, mhudumu wa kanisa la huko, na kukhu ameusikia mstari huo Kakamega maisha yake yote. Mimi sasa naishi Korintho, namtunza mama mzee. Wagiriki humwita bibi yiayia, na kwetu yaya ni mlezi, basi nyumbani mwetu neno moja linatutosha sote wawili.

Nilikwenda makumbusho ya Isthmia kuona paneli zilizotolewa baharini Kenkrea miaka ya 1960. Ni zaidi ya 100, picha zilizotengenezwa kwa vioo vya rangi vilivyokatwa vipandevipande na kubandikwa kwa utomvu juu ya vigae. Zilifikishwa bandarini karne ya 4. Hazikuwahi kutundikwa ukutani, kwani ziliachwa ndani ya masanduku ya mbao, na maji yakazifunika humohumo. Nilimwona Plato. Nikauona na mto Nile, mafunjo na ndege wake, nikasimama hapo muda mrefu. Mto wa kwetu, umechorwa kwa kioo, Ugiriki!

Rangi zimeumia sana. Miaka 1,600 ndani ya chumvi imegeuza sehemu nyingi kuwa kahawia na kijivu, na jicho peke yake haliwezi kujua fundi alikusudia nini. Ndiyo maana kioo cha kale hupimwa. Kuna kifaa cha eksirei kinachopima bila kukwaruza, lakini huishia juujuu palipooza. Wakipata kichembe kidogo kuliko punje ya mchele, hukitazama kwa hadubini ya elektroni mpaka ndani kabisa, ambako kioo bado ni kizima. Humo madini husema yenyewe. Bluu nzito ni kobalti, tena kidogo mno, hata sehemu 1 katika 1,000 inatosha. Zambarau ni manganizi. Njano ya Warumi wa mwanzo ni risasi na antimoni, ile inayojulikana kwetu kwa wanja wa manga; kuanzia karne hiyo ya 4 bati likaanza kuchukua nafasi ya antimoni. Nyekundu ndiyo iliyonishangaza: ni shaba, ila lazima tanuri linyimwe hewa. Hewa ikizidi, shaba ileile inatoa kijani au buluu.

Sasa swali la kukhu. Kioo hutokana na mchanga, lakini mchanga peke yake hauyeyuki mpaka joto lifike nyuzi 1,700 hivi. Ukichanganywa na magadi, tanuri la nyuzi 1,100 linaweza. Maabara ikikuta sodiamu nyingi huku potasiamu na magnesiamu zikiwa chache, hayo ni magadi. Hizo mbili zikipanda, ni majivu ya mimea. Warumi walitumia magadi ya Wadi Natrun, Misri, ambayo sehemu kubwa ni trona, madini yaleyale yanayochimbwa ziwani Magadi, Kajiado. Ziwa Natron la Tanzania nalo limepewa jina la chumvi hiyo. Kufikia karne ya 9, mafundi wa mashariki ya Mediterania walikuwa wamehamia kwenye majivu ya mimea ya sehemu za chumvi.

"Kwa hiyo walianza na magadi, kama ya dukani, ndipo wakarudi kwenye majivu," kukhu akasema. Yeye huchoma maganda ya maharagwe, anachuja majivu kwa maji, na mboga inalainika. Ya dukani hajawahi kuipenda.

Mimi ya dukani inanitosha. Anayekuja Athens mwezi ujao tafadhali anibebee magadi kidogo. Mrenda nimeupanda kwenye ndoo barazani, umeshaota, na yiayia ameomba kuuonja.