Kokwa ya Rusinga na ndoo iliyonuka mtaa mzima

Waliposikia natafuta mmea uliozaa kokwa ya tunda iliyogeuka jiwe, kutoka kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Viktoria, kila mtu akageuka profesa. Mmoja alinishauri niipige picha, programu ya simu initajie mmea. Programu ya majani mabichi, kwa tunda la miaka kama milioni 18! Aliyenikera zaidi ni yule wa siki: "Loweka usiku kucha, itatakata." Majivu ya volkano ya Kisingiri yaliyofukia matunda yale yalijaa chokaa, na siki hula chokaa. Nilidondosha tone kwenye kichembe kisicho na kazi, kikatoa povu kama soda. Akanyamaza.

Habari za vibali sitaeleza. Sheria ya Kenya ya 2006 inavilinda visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe; usiviokote ukaweka kabatini.

Kazi yenyewe ni kulinganisha kokwa hiyo na za matunda ya leo, na michoro ya vitabuni haikuonyeshi kokwa kwa ndani. Basi nikatafuta ong'ong'o, matunda ya mng'ong'o, nikazitia kwenye ndoo ya maji nyuma ya nyumba hapa Kisumu zioze, nyama ibanduke. Harufu ilipokolea, mama mwenye nyumba akabisha hodi.

"Kijana, umeua nini huko nyuma?"

"Ni matunda tu, mama. Utafiti."

"Utafiti upeleke ziwani!"

Usiku nikaificha ndoo kwa jirani. Alfajiri nikaikuta mlangoni pangu.

Lakini zilitoka safi! Juu ya kokwa ya ong'ong'o kuna vifuniko viwili au vitatu, ambavyo mche huvisukuma ukichipua. Ile yangu ya Rusinga ilionekana haina. Nikazima taa, nikalaza tochi ya simu karibu iguse meza, nikaizungusha kokwa polepole. Mkwaruzo ambao mchana hadubini iliupita ukawa duara kamili, ukingo wa kifuniko. Halafu la pili. Vifuniko vilikuwa vitano, tena ubavuni! Skani ya eksirei ikaonyesha vyumba vitano ndani, na ikameza kodi ya miezi miwili hivi.

Mtafiti Chesters alieleza visukuku vya matunda ya Rusinga mwaka 1957, watafiti Collinson na wenzake wakavirudia 2009. Sikuona kokwa ya kufanana na yangu, hata kwa ndugu za ong'ong'o wa Asia. Usitangaze spishi mpya kwa kokwa moja, huenda ni kilema tu. Mimi nilikuwa na kokwa za namna hiyo kiganja kizima.

Maelezo ya spishi mpya siku hizi huruhusiwa kwa Kiingereza, ila jina lazima livae Kilatini. Nyumbani wanataka niipe jina la babu. Nimekataa, babu hakuwahi kula tunda lolote zaidi ya ndizi.